Anayetaja jina la mwenzake

Kasulu, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imefika, na mama yako aliisoma mara mbili kabla ya kunipa niishike. Umeuliza kama ni haki wewe na wenzako wa huko Chicago kuchapisha majina, picha na mahali pa kazi pa watu walioandamana wakiwatukana weusi na Wayahudi. Unasema baadhi yenu wanaona mtu aliyetembea hadharani hana siri ya kulindwa, na wengine wanahofu kwamba mmejipa kazi ya hakimu. Swali lako linamhusu anayetajwa. Mimi, tangu ule mkutano wa chini ya mwembe, humtazama kwanza anayetaja, na nadhani sasa umefikia umri wa kuusikia mkutano ule wote, kwa maana hadi leo unaujua nusu.

Ulikuwa unajiandaa kuingia darasa la kwanza. Kamchape, wale wasaka wachawi wa kulipwa, walipita kijijini kwetu na kumnyoshea kidole yule bibi aliyekuwa akikupa karanga, wakasema ndiye mchawi, kisha wakachukua malipo yao wakaenda zao. Usiku wa pili vijana waliichoma nyumba yake. Aliponea mlango wa nyuma, mkono wake wa kushoto ukiwa umeungua, akahamia kwa binti yake Uvinza na hakurudi tena.

Baada ya wiki moja uongozi wa kijiji uliitisha mkutano chini ya mwembe, na kura ya siri, kila mtu mzima aandike jina la aliyemjua kuwa miongoni mwa wachomaji. Kwa kuwa nilikuwa mwalimu na sauti yangu ilisikika mbali, mimi ndiye niliyepewa karatasi nisome. Nilisoma majina saba. La nne lilikuwa la fundi baiskeli, ambaye karibu nusu ya kijiji kilikuwa na deni kwake, na usiku ule alikuwa Kigoma mjini akinunua vipuri. Siku ya tatu alikuja na tikiti yake ya basi mkononi, akapita nayo nyumba hadi nyumba, na watu waliitazama kama wanavyotazama tangazo la mnada uliokwisha. Hakumaliza mwezi. Uliniuliza mara nyingi kwa nini baiskeli yako haikutengenezwa, nami nikakujibu kwamba fundi amesafiri.

Nusu usiyoijua ni hii. Alfajiri ya moto ule nilimkuta ndugu yangu uani kwetu akinawa mikono kwenye pipa, na nguo zake zilinuka mafuta ya taa. Jina lake halikuandikwa na mtu yeyote. Nami nilikuwa na karatasi yangu ya kura kama wengine wote, na niliitumbukiza ndani ya sanduku ikiwa tupu, kisha nikasimama na kuyasoma majina ya watoto wa wenzangu kwa sauti isiyotetemeka. Una baba wadogo watatu, na sitakuandikia ni yupi.

Ndiyo sababu ninasema, na najua mmechoka kunisikia nikisema, kwamba anayetaja jina la mwenzake aandike na lake chini yake. Karatasi zile hazikuwa na sahihi, kwa hiyo fundi hakuwa na mtu wa kumwuliza, “Uliniona wapi?” Lakini hapo hapo najipinga mwenyewe. Wachomaji walikuwa wakiishi kati yetu, wana panga na kiberiti, na bila kura ya siri hakuna mjane ambaye angethubutu kuandika neno. Majina sita kati ya yale saba yalikuwa ya kweli. Nani alimtetea bibi yule kama si karatasi zisizo na sahihi?

Uliniandikia habari za lile gazeti la mji wenu, Tolerance, lililoanza mwaka 1922 kuchapisha majina ya wanachama wa Ku Klux Klan, kundi la siri la Wamarekani weupe waliowachukia weusi na Wayahudi, na ninakiri kwamba nilifurahi nilipoisoma. Kundi lile liliishi kwa kificho cha vitambaa vya usoni. Mfanyabiashara aliwauzia bidhaa dukani kwake mchana watu wale wale ambao usiku aliapa kuwadhuru, na gazeti lilipomtaja rais wa benki moja, wateja walimkataa hadi akajiuzulu. Hapo nilisema, naam, hii ni haki, maana mteja ana haki ya kujua fedha zake zimo mikononi mwa nani. Kisha nikafika pale walipomtaja William Wrigley, mwenye kiwanda cha chingamu, kwa fomu yenye sahihi ambayo ilikuwa ya kughushi, nikamwona fundi wetu na tikiti yake. Tofauti ni kwamba gazeti lilikuwa na wenye gazeti, na Wrigley aliweza kuwapeleka mahakamani. Baada ya maandamano ya wabaguzi wa rangi huko Charlottesville, Marekani, ya Agosti 2017, watu mitandaoni walimtaja mtu ambaye usiku ule alikuwa katika jimbo jingine kabisa, akatishwa hadi akaihama nyumba yake kwa muda. Yeye angeshtaki nani, ikiwa waliomtaja ni maelfu wasio na majina?

Usinielewe kwamba sahihi inatosha. Sisi wa mpakani tunajua kwamba haitoshi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watangazaji wa redio RTLM ya huko walitaja majina ya Watutsi bila kujificha, na kabla yake mhariri wa gazeti la Kangura la huko huko alichapisha orodha zake huku jina lake likijulikana na wote, na watu waliuawa. Nilipokuwa nikiwasikiliza wakimbizi waliovuka kuja huku, kanuni yangu ilionekana ndogo sana. Hata hivyo, kwa sababu walijulikana, mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliweza kumtia hatiani mhariri yule pamoja na waanzilishi wawili wa RTLM. Basi ninairudia kanuni yangu hata baada ya kuona upungufu wake: aandike na lake.

Nilikwisha kuandika neno “msichapishe” mwishoni mwa barua hii, nikalikata. Anayekatazwa na mtu aliyetumbukiza karatasi tupu ana haki ya kuuliza kama ni hekima au ni woga, na mimi mwenyewe sijui kuvitenganisha vyema. Ninachokuomba ni kwamba kabla jina halijatoka, mmoja wenu ampigie simu mhusika na kumwuliza alikuwa wapi siku ile, na kwamba jina lako wewe liwepo kwenye ukurasa ule, ili akija na tikiti yake ajue mlango wa kugonga. Na kama ndani ya picha zile yumo mtu wa chuo chenu, au rafiki wa mmoja wenu, mwanzeni naye.

Desemba ukija, niulize ni yupi kati ya wale watatu. Nitakuambia akiwa amekaa hapo hapo.

Mimi baba yako