Sarafu za Shaba za Wagiriki: Maswali Yenu

Sarafu yangu ina tai, lakini herufi zimefutika. Nianzie wapi?

Usiioshe. Ipime kwanza: kipenyo kwa milimita, uzito kwa mizani ya sonara, gramu hadi desimali mbili. Kisha zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni karibu na usawa wa meza. Vivuli huzitoa herufi ambazo mwanga wa juu unazificha. Hata tatu zinasaidia. Neno linaloishia -ΩΝ kwa kawaida hutaja watu wa mji, kama ΣΥΡΑΚΟΣΙΩΝ, "ya Wasirakusa". La -ΟΥ mara nyingi ni jina la mtu: ΦΙΛΙΠΠΟΥ, "ya Filipo".

Nimesoma ΠΤΟΛΕΜΑΙΟΥ ΒΑΣΙΛΕΩΣ, "ya Mfalme Ptolemaio". Ni Ptolemaio yupi?

Maneno hayo hayatoshi, maana wafalme wa ukoo huo wa Misri waliyarudia kizazi baada ya kizazi. Mtazame tai: mbawa amezikunja au amezikunjua? Ameangalia nyuma? Wako wawili? Pembe ya neema (pembe iliyojaa matunda) iko begani au mbele yake? Soma pia herufi iliyo kati ya miguu yake. Majibu hayo, pamoja na uzito, yalinganishe na picha za American Numismatic Society, chama cha Marekani cha utafiti wa sarafu, mtandaoni, ni bure. Shaba za Kleopatra wa 7, malkia wa ukoo huohuo, zilizopigwa Aleksandria ndizo rahisi zaidi: zina sura yake, na Π (80) au Μ (40) ni thamani ya sarafu kwa drakma, kipimo cha fedha cha Wagiriki.

Katikati kuna kishimo kila upande. Imeharibiwa?

Hapana. Shaba nyingi za Misri zinacho, tangu mageuzi ya sarafu ya Ptolemaio wa 2 katika karne ya 3 KK. Usikijaze.

Unga wa kijani kibichi unarudi kila nikiufuta.

Huo ni ugonjwa hasa. Kloridi (aina ya chumvi) iliyojificha ndani ya shaba inakutana na unyevu na hewa, nayo inaendelea kuila. Itenge sarafu, kwangua unga kwa kijiti cha meno, iloweke wiki kadhaa katika maji yaliyokenekwa (yale ya kuongezea kwenye betri, si asidi yake), ukiyabadilisha kila wiki. Ikaushe kabisa, ihifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya jeli ya silika, vinavyonyonya unyevu. Kwa anayeishi pwani, vifuko hivyo ni lazima. Ndimu na siki zipige marufuku: huondoa ganda la karne nyingi pamoja na maandishi.

Bandia naijuaje?

Anzia ukingoni. Mstari wa kiungo kuuzunguka, au vitundu vya mapovu usoni, ni dalili ya kumiminwa kwenye kalibu. Nyingi za kale ziligongwa kwa nyundo.