Stika au rangi ya kubandua: kipi kikae juu ya paa la gari lako?

Hakuna sehemu ya gari inayoteseka kama paa. Mlango hupigwa na jua la pembeni kwa saa chache kisha unapumzika. Paa hulipokea tangu asubuhi hadi jioni, na kwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa jua la mchana halikai mbali na utosi mwezi wowote wa mwaka. Paa jeusi lililoegeshwa juani linaweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi. Ongeza chumvi ya bahari na kinyesi cha kunguru. Kwa hiyo kitu kilichodumu vizuri kwenye rimu au kwenye vioo vya pembeni si lazima kidumu juu.

Tunavyoshauri ni hivi. Kama rangi ya kiwandani bado ni nzima, paa ni laini, na unataka weusi wa kung'aa kama ule wa Suzuki Swift zinazotoka kiwandani na rangi mbili, bandika stika nzuri, yaani plastiki nyembamba yenye gundi. Kama paa lina matuta mengi, au keria haifunguki, au unataka rangi isiyong'aa kwa muda tu huku ukitafakari, puliza rangi ya kubandua, ile ya mpira inayochunwa ukiichoka. Kama klia, yaani tabaka angavu linalofunika rangi, inabambuka, usiweke hata kimojawapo. Mpelekee fundi rangi kwanza.

Watu wengi huanza na bei. Sisi tunasema anza na kilicho chini.

Kagua rangi iliyopo

Magari mengi yanayoingia kwetu yametumika Japani miaka kadhaa, na klia hufa kwanza juu ya paa na boneti. Utaona madoa meupe yenye ukungu, kisha kingo zake zinaanza kuinuka. Ukibandika stika juu yake, gundi inashika klia iliyokufa, si rangi. Siku ya kutoa stika, klia inatoka nayo vipande vipande. Na kabla ya siku hiyo, mipaka ya klia iliyobambuka itaonekana kupitia stika kama ramani, hasa ikiwa nyeusi ya kung'aa. Rangi ya kubandua nayo hupenya kwenye rangi iliyochakaa na yenye vitundu, ikang'ang'ania. Jina lake ni ya kubandua, lakini hapo utaikwangua kwa kucha siku nzima.

Fanya jaribio la tepu. Chukua tepu yenye gundi kali, kata kipande cha sentimita 10, ibandike kwenye paa safi na kavu, isugue kwa kidole gumba, kisha ivute kwa mkupuo mmoja. Rudia sehemu nne au tano: karibu na kioo cha mbele, kando ya keria, katikati, na nyuma. Ikitoka na chembe za klia au rangi, umepata jibu lako.

Kuna gari lililowahi kupulizwa upya mtaani, na hapo hatari ni mbili. Ya kwanza ni puti (ya kujazia mibonyeo) iliyowekwa juu ya bati ambalo halikupigwa msasa vizuri: stika ikivutwa, inaondoka na kila kitu mpaka bati. Ya pili ni rangi mbichi. Rangi iliyokaushwa kwa hewa tu huendelea kutoa mvuke wa thina kwa wiki kadhaa hata kama kwa kidole inaonekana kavu. Mvuke huo ukinaswa chini ya stika, unapata mapovu ambayo ukiyatoboa leo yanarudi kesho. Subiri mwezi mzima angalau. Fundi anayekuahidi kupuliza Jumatatu na kubandika Alhamisi anakuuzia mapovu.

Vidoa vya kutu vinavyotokeza kwenye ukingo wa kioo cha mbele navyo vitibiwe kabla. Kutu haisimami kwa kufunikwa. Inaendelea kula bati bila wewe kuiona.

Stika zinatofautiana, na paa halisamehe

Plastiki ya stika hutengenezwa kwa njia mbili. Kuna inayomiminwa ikiwa majimaji na kukaushwa polepole, inaitwa kasti. Nyingine, inayoitwa kalenda, hubanwa na kuvutwa kati ya rola. Kasti kwa kawaida ni nyembamba, na haina haja ya kurudi kwenye umbo jingine. Kalenda imevutwa wakati inatengenezwa, kwa hiyo ikipata joto inataka kujikunyata. Kwenye ubao wa duka utaivumilia. Kwenye paa, baada ya misimu michache ya jua, kingo zinarudi nyuma milimita kadhaa, gundi inabaki wazi, vumbi linaishika, na unapata mstari mchafu unaozunguka kioo cha mbele.

3M 2080, Avery Dennison Supreme Wrapping Film na Oracal 970RA ni kasti, na rola zake zina upana wa mita 1.52. Oracal 651, ambayo utaikuta kwa waandika mabango wengi, ni kalenda. Ni bidhaa nzuri kwa kazi yake, ila si kwa paa zima. Usiridhike na neno la fundi: omba uone rola na boksi lake, kisha geuza karatasi ya nyuma usome jina lililochapishwa. Jua pia kwamba watengenezaji wenyewe hutoa dhamana fupi zaidi kwa sehemu zinazotazama juu kuliko zinazosimama wima, na fupi zaidi tena kwa nchi za joto kali.

Upana wa mita 1.52 unatosha paa la magari mengi madogo bila kiungo. Pima urefu kutoka kioo cha mbele hadi mwisho wa paa, ongeza sentimita 20. Toyota IST au Vitz mita 2 kwa kawaida inatosha, na spoila ya nyuma ikikatiwa kipande chake ongeza nusu mita. Noah na Alphard pima kabisa kabla ya kununua.

Kazi yenyewe

Fungua antena. Ng'oa mipira au plastiki ndefu zinazofunika mifereji miwili ya pembeni mwa paa. Klipu zake hukauka na kuvunjika, kwa hiyo nunua za akiba mapema. Osha kwa sabuni, pitisha udongo wa kusafishia rangi hadi kiganja kiteleze, kisha futa mara mbili kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 70. Ndani ya mifereji zungushia kitambaa kwenye kadi ngumu ya plastiki uisugue, maana humo ndimo polishi ya miaka yote na matope yamejikusanya.

Fanya kazi kwenye banda lililofungwa, sakafu imemwagiwa maji ili vumbi lilale, joto likiwa kati ya nyuzi 20 na 30. Huku pwani hiyo maana yake ni alfajiri, au usiku chini ya taa. Bati likiwa la moto gundi inashika papo hapo na huna nafasi ya kuinua na kurekebisha.

Watu wawili washike pembe nne, waishushe bila kuivuta sana. Anza katikati, sukuma kwa kibao chenye ukingo wa kitambaa, kila mpigo ukipanda nusu ya ule uliotangulia, ukielekea nje. Povu dogo usilisukume kilomita nzima kwenda ukingoni: litoboe kwa sindano iliyolazwa, kisha bonyeza.

Sasa mfereji wa paa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Fundi mwenye haraka huvuta stika juu ya mfereji mpaka upande wa pili, halafu anaipasha moto na kuishindilia chini. Siku ile inaonekana safi. Lakini plastiki iliyonyooshwa hivyo haitulii. Jua likiipiga inajivuta kurudi bapa, inaachana na sakafu ya mfereji, na chini yake unabaki mwanya. Maji ya mvua yanaingia kwenye mwanya huo, hayatoki, na ndiyo njia ya kutu. Njia sahihi ni kuisindikiza stika ishuke ukuta wa mfereji kwa kidole, bila kuivuta, na kuikatia humo humo chini, mahali ambapo mpira utaifunika utakaporudishwa. Ukitaka upande wa pili wa mfereji uwe mweusi pia, kata kipande kingine.

Usikate kwa wembe juu ya rangi. Mkato mmoja unaofika kwenye bati ni kutu ya mwaka kesho, na pwani hata mwaka hauishi. Tumia tepu yenye uzi wa kukatia ndani yake: unaibandika kabla ya stika, kisha unavuta uzi na stika inakatika kutokea chini. Ukingo wa mbele uingize chini ya raba ya kioo milimita 4 au 5, la sivyo upepo wa barabara kuu utaufungua.

Maliza kwa "hita gani", kifaa cha kupuliza hewa ya moto. Kingo zote, na kila palipovutwa, pashwe hadi karibu nyuzi 100, au kiwango kinachotajwa na mtengenezaji, na kipimwe kwa kipimajoto cha kuelekeza, si kwa mkono. Joto hilo huifanya plastiki isahau umbo la awali. Fundi asiye na kipimajoto hicho amekisia hatua muhimu kuliko zote.

Rangi ya kubandua

Plasti Dip, inayojulikana zaidi, ilianza mwaka 1972 Minnesota, Marekani, kama mpira wa majimaji wa kuchovya mishikio ya zana. Hadi leo ni mpira. Ndiyo maana hubanduka kama ngozi, na ndiyo maana unene wake ndio kila kitu. Ikiwa nyembamba, inakatika vipande vidogo siku ya kuitoa.

Paa la mita mraba 2 linahitaji makopo 4 hadi 6 ya gramu 311. Kwa gari refu ni afadhali kununua galoni na kutumia mashine ya kupulizia. Tabaka la kwanza liwe jepesi sana, rangi ya zamani bado ionekane kama nusu, kwa sababu hilo ndilo linaloshika. Yanayofuata, manne au matano, yalowe vizuri, kopo likiwa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati, dakika 20 hadi 30 kati ya tabaka na tabaka. Ukipulizia mbali, rangi inakauka hewani na kuangukia paa kama vumbi, ukapata uso unaokwaruza kama msasa. Ukikaribia mno, inatiririka. Mdudu akitua usimtoe ikiwa mbichi. Acha ikauke, mwondoe, puliza tena, maana tabaka jipya huyeyukiana na la zamani.

Tepu ya karatasi ya kuzibia itolewe mara tu baada ya tabaka la mwisho, rangi ikiwa bado imelowa. Ukisubiri ikauke, unavuta tepu na ukingo wote unakuja nao. Na funika gari zima, si vioo tu: vumbi la rangi hutembea mita kadhaa na kumganda hata jirani.

Kopo hilo lina viyeyusho vinavyowaka na kulevya. Vaa barakoa yenye vichujio vya kaboni, si ya kitambaa. Na kama gereji jirani wanachomelea, siku hiyo kazi haifanyiki.

Isiguswe na mvua kwa saa 24, isioshwe kwa siku tatu. Adui wake mkubwa ni petroli. Kijana wa kuosha gari akiona tone la lami, huchukua kitambaa chenye petroli au mafuta ya taa, na mpira unalainika na kuvurugika hapo hapo. Mwambie kabla hajaanza. Kwa jua letu usiiache ipite miaka 2 bila kuongeza tabaka.

Faida yake ipo. Inafuata kila tuta, haina kiungo, na ikichunwa na kamba ya mzigo unapuliza mahali hapo tu. Stika ikichanika, unabadilisha kipande kizima.

Kuitunza na kuitoa

Kinyesi cha kunguru kisikaukie. Weka kitambaa chenye maji juu yake dakika 5 hadi 10, kisha futa, usikwangue. Mashine ya maji ya shinikizo ikae umbali wa sentimita 30 na isielekezwe kwenye kingo. Kadi ya gari inataja rangi, kwa hiyo kabla ya kubadilisha zaidi ya paa uliza wanaosajili magari: TRA kwa Tanzania, au NTSA kwa walioko Kenya.

Kutoa stika: pasha hadi nyuzi 50 au 60, vuta polepole ukiilaza, usiinyanyue wima. Usingoje ikomae kupita kiasi, kwa kuwa plastiki iliyochomwa na jua hutoka vipande vya ukubwa wa kucha na gundi yote inabaki kwenye rangi. Rangi ya kubandua iliyochakaa au iliyopulizwa nyembamba ina dawa yake: puliza tabaka 2 mpya juu, iache ilale usiku mmoja, kisha anza ukingoni kwa kidole gumba. Itatoka shuka zima.

Chini utakuta rangi mpya kuliko ya boneti, kwa sababu jua halikuifikia. Kama ukingo uliishia wazi katikati ya bati, utabaki mstari wa rangi mbili usiotoka kwa polishi nyepesi. Kwa hiyo, iwe stika au rangi, panga tangu mwanzo kila ukingo uishie mahali panapofichika: chini ya raba ya kioo, ndani ya mfereji, au kwenye pengo la mlango wa nyuma.