Wati 3 za tangini si wati 60 za baharini

Ndugu, umeuliza kama boya lako la kuvuna nishati ya mawimbi, kielelezo cha kipimo cha 1 kwa 20 kilichotoa wati 3 katika tangi la majaribio, litatoa wati 60 likijengwa kwa ukubwa kamili. Sivyo. Kwa kanuni ya Froude, ambayo hutumika pale mvutano wa dunia unapotawala mwendo wa maji, urefu huzidishwa kwa 20 na muda kwa kipeuo cha pili cha 20, yaani takriban 4.5, lakini wati huzidishwa kwa 20 kwa kipeo cha 3.5, ambayo ni karibu mara 35,800. Hivyo wati zako 3 zinalingana na kilowati zipatazo 107. Usishangilie mapema, kwa kuwa msuguano wa puli na mnato wa maji haufuati kanuni hiyo, na kamba iliyokaza kidogo tu huvuruga kipimo kizima.

Kuhusu kulijaribu ziwani hapo Entebbe, wazo lako ni zuri kuliko unavyodhani, kwani mawimbi mafupi ya ziwa yanaweza kuwakilisha ya bahari: kwa kanuni hiyohiyo, wimbi la bahari la sekunde 8 huwa la sekunde 4 kwa kielelezo kikubwa zaidi, cha 1 kwa 4, na Waairishi hufanya hivyohivyo katika ghuba ya Galway.