Ninasoma biokemia, nataka kuwa mfamasia. Je, nimepoteza miaka?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Niko mwaka wa tatu nikisomea shahada ya sayansi, biokemia, katika chuo kimoja hapa Nairobi. Baada ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, sikupata nafasi ya famasia, lakini hamu haijaisha. Nasikia Marekani mtu husoma sayansi kwanza ndipo aingie famasia. Je, haya ninayosoma yatanisaidia, au nitaanza upya kabisa? Na kemia ogania, yaani kemia ya misombo ya kaboni, ambayo nilipita kwa C, inahitajika kweli kwa mtu atakayeuza dawa? – Msomaji, Kasarani

JIBU: Salama, dada yangu. Miaka hujapoteza. Ila nitaanza na hiyo C, maana hapo ndipo penye kazi.

Chukua amoksilini ya watoto, dawa ya kuua bakteria. Huja chupani ikiwa unga mkavu, na sisi wafamasia ndio tunaotia maji safi, tunatikisa, kisha tunamwambia mama aiweke pa baridi na kuimwaga itakayobaki baada ya siku zilizoandikwa kwenye lebo, mara nyingi 7 hadi 14. Kwa nini kiwanda hakikuituma ikiwa tayari ni maji? Jibu limo kwenye daftari lako la kemia ogania. Ndani ya molekuli hiyo kuna pete ya beta-laktamu, pete ya atomi 4 tu, na amaidi, yaani kifungo cha kaboni ya kabonili na naitrojeni, imo humo ndani. Unajua kwamba amaidi kwa kawaida ni imara, hazivunjiki ovyo. Ndizo zinazoshikilia protini za mwili wako. Lakini pete ndogo hivyo hulazimisha pembe za karibu digrii 90 mahali ambapo kaboni ya kabonili, ile iliyoshikana na oksijeni kwa kifungo maradufu, inataka 120. Imekazwa kama upinde, inangoja kufunguka. Ikikutana na kimeng'enya (enzaimu) kinachojenga ukuta wa bakteria, hufunguka na kukinasa, na bakteria anakufa. Ikikutana na maji, hufunguka vilevile, polepole, ila sasa inafunguka bure. Joto huharakisha. Na bakteria wengine wamejifunza kutengeneza kimeng'enya chao cha kuifungua mapema, ndiyo maana tukapata dawa iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki, ambayo hukizuia kimeng'enya hicho.

Umeona? Nguvu ya dawa, udhaifu wake na usugu wa bakteria, vyote vimetoka kwenye pete moja. Anayeielewa hahitaji kukariri mambo matatu. Nikiwa mwanafunzi wa mazoezi, mama mmoja alirudi na mtoto ambaye hakuwa amepata nafuu. Chupa alikuwa akiiweka kando ya jiko, kwa sababu chumba chao kilikuwa kimoja na friji hawana. Siwezi kuapa kwamba joto ndilo lililoiharibu ile dawa. Lakini tangu siku hiyo kila mzazi namuuliza chupa italala wapi, na asiye na friji namweleza aiweke kwenye beseni la maji baridi, mbali na moto na dirisha lenye jua. Kwa chupa yenye klavulaniki natilia mkazo zaidi, kwa sababu hiyo huharibika haraka kuliko mwenzake na inahitaji friji hasa. Kwa hiyo rudia kemia ogania, hata kama hakuna atakayekudai alama mpya. Rudia vikundi tendaji, asidi na besi, na mpangilio wa molekuli katika nafasi.

Asidi na besi zitakufuata hadi wodini. Aspirini ina pKa ya karibu 3.5, yaani kwenye pH (kipimo cha asidi) hiyo nusu ya molekuli zake zina chaji na nusu hazina, na kila hatua 1 ya pH kutoka hapo hubadilisha uwiano mara 10. Tumboni, kwenye pH ya 1.5, molekuli zisizo na chaji ni kama 100 kwa kila 1 yenye chaji, na zisizo na chaji ndizo zinazopenya utando wa mafuta kwa urahisi. Kwenye damu, pH 7.4, mambo yanapinduka: zenye chaji zinakuwa maelfu kwa 1. Ndiyo sababu mgonjwa aliyemeza aspirini kupita kiasi hupewa sodiamu baikaboneti hospitalini. Mkojo ukipungua asidi, dawa inabaki na chaji, haiwezi kurudi kwenye damu, inatoka. Hiyo ni logi (logarithimu) ya kidato cha tatu ikiokoa maisha.

Hesabu nyingine ni ndogo lakini ndizo zinazonitia hofu zaidi. Mtoto wa kilo 12, parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo: 180. Siropu ya miligramu 120 kwa mililita 5 itatoa mililita 7.5. Sasa duka likiwa na ile ya miligramu 250 kwa mililita 5 na mtu akapima 7.5 zilezile, mtoto amepata 375, zaidi ya mara mbili. Hakuna kalkulasi hapo. Ni uangalifu, na uangalifu hujengwa maabara, kwa yule aliyezoea kuandika vipimo pamoja na namba kila mara.

Biokemia yako itakutanguliza mbele ya wenzako katika jambo moja kubwa: vimeng'enya vya ini. Rifampisini ya kifua kikuu huamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi, na tembe za kupanga uzazi zinavunjwa kabla ya kufanya kazi. Mwanamke asipoelezwa, anaweza kupata mimba akiwa anameza tembe kila siku. Mwaka uliobaki ongeza fiziolojia, mikrobiolojia na takwimu, chuo kikikuruhusu. Fizikia utaihitaji kidogo, kwenye mnato na michanganyiko.

Kuhusu Marekani, ulivyosikia ni kweli. Shahada yao ya famasia, PharmD, kwa kawaida ni miaka 4, baada ya angalau miaka 2 ya kemia, biolojia, hesabu na kadhalika. Ukikuta maandishi yanayosisitiza PCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya famasia huko, ni ya zamani. Uliondolewa mwaka 2024. Kwetu njia ni tofauti. Bachelor of Pharmacy huanza moja kwa moja baada ya KCSE, na Chuo Kikuu cha Nairobi ni miaka 5, kisha mazoezi ya kazi kabla ya usajili. Shahada yako si sharti la kuingia, wala haikufungulii mlango yenyewe. Alama zako za KCSE bado zitaangaliwa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada yoyote, hakikisha kozi hiyo imeidhinishwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Kisha andikia ofisi ya msajili wa chuo unachokitaka, ambatisha nakala ya matokeo yako pamoja na muhtasari wa kila somo ulilosoma, uulize ni masomo gani wanaweza kuyatambua. Muhtasari huo uombe idarani kwako sasa, ukiwa bado mwanafunzi.