Mimi Siyo Bosi wa Hoteli

Nimesikiliza sauti zote mlizotuma kwenye kundi la ukoo wiki hii. Ya shangazi nimeirudia mara tatu. Anasema ameshawaambia majirani wa Ngamiani, hapo Tanga, kwamba kijana wake ana hoteli Malaysia, tena amewaajiri Wachina, na ushahidi ni ile video niliyomtumia Mama siku ya Idi. Mtu nyuma yangu anasikika waziwazi akiniita "Boss". Na wewe mdogo wangu umeandika kwamba umepata mteja wa pikipiki, nauli inakaribia kutimia, nikutafutie nafasi hotelini kwangu.

Tuanze na hilo neno basi. Huku kila anayekuletea kikombe mezani ni bosi. Nenda kwenye migahawa ya mamak, ile ya Waislamu wa Kitamil, wenye asili ya India ya kusini, ambayo mingi inakesha mpaka asubuhi watu wakitazama mpira. Utasikia meza nzima inapiga kelele: "Boss, teh tarik satu!" Wanataka chai moja ya maziwa, ile inayomiminwa kutoka juu kwenda chini mpaka itoe povu. Anayeitwa hivyo ni kijana wa Bangladesh aliyevaa kandambili, hajalala tangu jana. Hilo jina la mamak nalo asili yake kwa Kitamil ni mjomba. Ingekuwa jina ni mali, huku tungekuwa matajiri wote, na wajomba juu yake. Yule mtu kwenye video alikuwa anataka kahawa. Na mimi, kama mtaitazama tena vizuri badala ya kuitumatuma kwa watu, nimebeba beseni la vyombo vichafu.

Si hoteli. Ni duka la kahawa, wenyewe wanaita kopitiam: kopi ni kahawa kwa Kimalei, na tiam ni duka kwa Kihokkien, moja ya lugha za Kichina. Banda la wazi mbele, feni juu, meza za mawe ya marumaru, viti vya mbao, vikombe vizito vyenye maua ya kijani. Mwenye duka anauza vinywaji, mkate wa kubanika na mayai. Pembeni anakodisha vibanda: mmoja anakaanga tambi, mwingine anapika supu, mwingine wali na kuku, kila mmoja na sufuria lake na hesabu yake. Kwa hiyo hata tajiri wangu, mzee wa miaka sabini na kitu, hawezi kumwamuru muuza tambi. Anamdai kodi tu, na kila mwezi wanagombana kuhusu maji.

Mimi niko nyuma. Kuna kichochoro, kuna bomba, kuna mabeseni matatu. La kwanza sabuni, la pili maji, la tatu maji tena. Unachuchumaa juu ya kigoda kifupi kuliko kibao cha mbuzi cha Mama, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Bakuli za supu zinakuja na mafuta yaliyoganda ukingoni, vikombe vya kahawa vinakuja na maziwa mazito ya kopo yaliyonata chini, na nusu ya wateja wamezima sigara humo humo, ingawa kuvuta sigara migahawani kulipigwa marufuku tangu Januari 2019. Vidole vyangu mwezi wa pili vilitoka utando mweupe katikati, ngozi ikawa inabanduka. Mliniuliza kwa nini kwenye picha naficha mikono mifukoni. Mkasema ni mtindo.

Sasa nifike pale nilipokuwa napazunguka.

Mama, hili nalisema leo kwa mara ya kwanza, na nalisema mbele ya watu wote kwa sababu nikikuambia peke yako nitashindwa. Hili duka ni la Wachina, na vibanda viwili kati ya vinne vinapika nguruwe. Tambi za kukaanga zinakaangwa kwa mafuta yake. Mimi siyali hayo, nakula nilichokipika mwenyewe au naenda kwa mamak. Lakini sahani ni mimi ninayeziosha. Mzee aliniuliza siku ya kwanza kwa Kimalei, mimi ni Mwislamu, haidhuru? Nikamjibu haidhuru. Akanipa glavu. Zilichanika siku ya tatu, na sikuomba nyingine, maana aliyeomba nyingine kabla yangu aliambiwa kesho asije. Mtoto wa mwalimu wa madrasa, Mama, aliyekuwa akikaripiwa na baba kwa kuingia na ndala msikitini. Najua kuna shehe humo kwenye kundi atakuja na hukumu yake. Aje nayo. Namwomba tu kabla ya kuandika aulize nilikuwa nadaiwa kiasi gani siku hiyo.

Mtauliza, kwa nini usiende kufanya kazi kwa hao mamak, ndugu zako katika dini? Nilikwenda. Wao wana watu wao wenye vibali vya kazi, na huku kibali cha kazi ya mgahawani hakitolewi kwa kila taifa. Serikali ina orodha ya nchi 15 ambazo wafanyakazi wa aina hiyo wanaruhusiwa kutoka: Indonesia, Nepal, Bangladesh, Myanmar na nyinginezo za Asia. Sisi hatumo. Afrika nzima haimo. Wakala aliyechukua pesa za shamba la babu hakulisema hilo. Alisema, "Utasoma huku unafanya kazi." Sheria ya mwanafunzi ni saa 20 kwa wiki, tena wakati wa likizo inayozidi siku saba, tena chuo ndicho kikuombee ruhusa. Mgahawani unaruhusiwa. Kukaa kwenye droo ya pesa huruhusiwi kabisa. Umesikia, shangazi? Huyo bosi wako anayehesabu mauzo, sheria haimruhusu hata kumrudishia mteja chenji.

Hizo saa 20 nimeshazivuka zamani, na hilo msilirudie kwenye sauti wala msilitume popote. Mara moja walikuja watu wa uhamiaji barabara ya pili. Mzee alinisukumia stoo, nikakaa dakika arobaini nyuma ya makopo ya maziwa na magunia ya sukari nikisikiliza feni. Kumbe hawakufika kwetu. Nilipotoka alinikatia nusu saa ya mshahara, halafu akaniwekea kikombe cha kahawa mbele. Ndivyo alivyo. Ukimwita mbaya utakuwa umesema uongo, na ukimwita mwema nitakushangaa.

Hela. Nalipwa ringgit 60 kwa siku. Nawajua, mmeshatoa simu mnazidisha kwa shilingi. Zidisheni, halafu toeni kodi ya kitanda, maana chumba tuko wanne, toeni ada ya chuo, toeni kufanya upya kibali kila mwaka. Nikifanya siku 26 napata 1,560. Kima cha chini cha mshahara huku tangu Februari 2025 ni 1,700. Mzee anajua, na mimi najua, na anajua kwamba siwezi kwenda kushtaki. Zile 300 ninazotuma kila mwezi zinatoka hapo. Shangazi, huo mchango wa milioni ya harusi ulionikadiria kama "mwenye hoteli" sina, na hata ningekuwa nao nisingeutoa baada ya kunitangaza hivyo. Nisamehe. Laki moja nitatuma.

Mdogo wangu, usije.

Nasema usije, lakini niseme na hili, nisije nikaonekana ninakufungia mlango niliopitia mwenyewe. Chakula cha huku kitakuliza. Siku ya kwanza nilipewa nasi lemak imefungwa kwenye jani la mgomba. Nikafungua: wali wa nazi, dagaa wa kukaanga, karanga, tango, yai, na pilipili ya kusaga pembeni. Nilikaa kimya kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Wali wa nazi na dagaa! Nimeruka bahari nzima kuja kula chakula cha Mama na kuambiwa ni cha kigeni. Na kuna kitu wanapaka kwenye mkate wa kubanika, kinaitwa kaya, cha tui la nazi, mayai na sukari, kimepikwa taratibu na majani ya jamii ya mkadi. Ndugu wa mkadi wetu wa vikuba, yale mashada ya maua ya kunukia. Ukiuma unapata harufu ya chumba cha bibi harusi. Pembeni unawekewa mayai mawili yaliyoiva nusu, unamwagia sosi nyeusi ya soya na pilipili nyeupe, unakunywa kama uji. Hapo mwanzoni nilichukia. Sasa naota.

Kahawa yao wanaikaanga na sukari na majarini mpaka inakuwa nyeusi kama lami, wanaichuja kwa mfuko wa kitambaa unaofanana na soksi, wanaitia maziwa ya kopo. Ukitaka bila maziwa sema kopi-o. Ukitaka bila sukari pia, kopi-o kosong. Wazee wanakaa na kikombe kimoja tangu alfajiri, wanasoma gazeti, wanabishana siasa, wanaisema serikali kwa lugha nne. Ni kijiwe cha kahawa, tofauti yake ni paa na kodi. Anachokosa yule mzee wa Ngamiani mwenye birika la shaba, anayegonga vikombe barabarani, ni meza tu. Kwa hiyo ukitaka kweli kufungua hoteli ya aina hii, fungua hapo Tanga: nazi unazo, mayai unayo, dagaa unao. Kodisha vibanda kwa mama wa maandazi na mtu wa mishikaki, wewe uza vinywaji tu. Faida iko kwenye vinywaji. Hilo nimelijifunza nikiwa nimechuchumaa, kwa kuhesabu vikombe vinavyokuja kuoshwa: siku ya Jumapili havipungui mia sita.

Lakini mtaji utatoka wapi, si ndiyo? Najua. Pikipiki. Basi hapo ndipo ninapochanganyikiwa hata mimi. Usiiuze kwa ajili ya nauli. Na kama umeshaiuza, usimpe wakala, njoo na barua ya chuo uliyoithibitisha mwenyewe, chuo chenye majengo na wanafunzi, siyo ghorofa moja juu ya duka la simu kama changu cha kwanza. Uwe na ada ya mwaka mzima mkononi. Usihesabu kazi. Ukihesabu kazi umekwisha. Na ukifika nitakupokea, nitakupa nusu ya kitanda changu, na nitakutukana kila siku.

Kuhusu kupanda cheo, kwa anayeuliza. Muuza tambi, mtu wa Penang, jimbo la kaskazini mwa Malaysia, jioni wakishafunga alikuwa ananiruhusu kushika mwiko na karai. Moto mkali, tambi pana, chipukizi za maharage, kamba, yai. Yale mafuta ya nguruwe hayaguswi, ananiwekea ya alizeti huku ananicheka. Mkono wangu alisema si mbaya. Nikamwambia basi uniachie kibanda siku unayougua. Akatikisa kichwa. Kwao Penang tangu 2016 mgeni haruhusiwi kuwa mpishi mkuu kwenye kibanda cha vyakula vyao vya asili, wanasema ladha itapotea. Hapa si Penang, ila hata hapa wateja wakiona mweusi ameshika karai wataondoka, ndivyo alivyoniambia, bila ubaya, huku ananikatia limao. Wakati mwingine kweli inayosemwa kwa upole ndiyo inayokaa.

Mzee wangu wa kahawa ana asili ya Hainan, kisiwa cha kusini mwa China. Watu wa kwao walichelewa kufika huku kuliko Wachina wengine, biashara zote zikiwa zimeshashikwa, wakaishia kuwa wapishi na watumishi majumbani mwa Waingereza na kwenye meli. Mkate wa kubanika na mayai ya asubuhi wamevitoa huko. Nilimsimulia habari ya video na shangazi. Alicheka mpaka akakaa. Akaniambia babu yake alipigwa picha studio amevaa koti la kuazima, akaituma kwao pamoja na hela, na kijiji kizima kikamwandikia kutaka kazi. Nikamuuliza, aliwajibu nini? Akasema, aliwajibu njooni. Wakaja kumi na mmoja. Halafu akaniambia niende, vikombe vimejaa.

Basi hayo ndiyo majibu. Hela za gesi nimetuma kwa jina la Mama, asipewe mtu mwingine azipokee. Mama, ukitaka kunipigia kwa lile jambo la sahani, piga Jumatatu, duka linafungwa. Mchana wa kwenu, maana tumewatangulia saa tano. Shangazi, futa ile video.