Impreza STI inagonga miguu ya mbele: usinunue shokapu kwanza

Mkuu, nimesoma maelezo yako vizuri. Una Subaru Impreza STI ya 2003, ile ya michezo, inagonga mbele ukipita rasta na barabara ya vumbi, fundi amesema shokapu zote nne zimekufa, na wewe unaona kama hela lazima itoke basi bora uweke koiloova (shokapu na springi za kurekebisha urefu) na kuishusha moja kwa moja. Naomba usitoe hata shilingi kwa sasa. Nimekaa na gari ya aina hiyo miaka mingi hapa Dar na miguu yake naifungua mwenyewe. Mlio unaoueleza mara nyingi hauna maana kwamba shokapu imekufa.

STI za umbo hilo (GDB, za 2000 hadi 2007) hazina shokapu kama za WRX ya kawaida, ndugu yake wa chini. Zake zimegeuzwa juu chini: mtungi mnene ndio uko juu, nao unateleza ndani ya bomba la nje kwenye bushi zilizopakwa grisi. Subaru walifanya hivyo ili mguu usipinde gari inapokata kona kwa kasi. Sasa grisi ile ikikauka, au kava la vumbi likichanika na mchanga ukaingia, mtungi unaanza kucheza ndani ya bomba na kugonga "tok tok" kwenye vimatuta vidogo, hasa ukiwa mwendo mdogo. Wakati huohuo shokapu yenyewe ni nzima, haivuji na gari haidundi. Fundi aliyezoea Corolla akisikia mlio ule atakwambia imekufa, na simlaumu, kwa sababu shokapu za namna hii si za kila siku gereji.

Dawa yake ni kushusha mguu, kufungua bolti iliyo chini kabisa ya bomba, ile inayoshika fimbo, na kuvuta mtungi nje. Utakuta grisi imegeuka utando mweusi mkavu. Osha kote, kausha, kisha ukague mtungi kwenye mwanga. Ukiwa unang'aa, paka grisi mpya ya kutosha na urudishe. Ukikuta kutu iliyokula chuma, au mkwaruzo unaonasa ukucha, grisi haitakusaidia, maana bushi za ndani zitaendelea kulika. Na kabla hujagusa bolti mbili zinazoshika shokapu kwenye habu (kitovu kinachobeba tairi), weka alama ya rangi kwenye kichwa cha ile ya juu. Ile haiko duara kamili. Ndiyo inayopanga mlalo wa tairi. Ukiirudisha ovyo tairi zitaliwa upande mmoja na utadhani umeuziwa tairi mbovu.

Lakini kabla ya kushusha mguu, tafuta mchawi kwa vipimo visivyo na gharama. Pita tuta linalokata barabara nzima, tairi zote mbili za mbele zipande pamoja. Halafu pita penye mashimo upande mmoja tu. Kama kwenye tuta ni kimya na kwenye mashimo inagonga, anza na linki na bushi za stabilaiza (fimbo inayounganisha mguu wa kushoto na wa kulia), kwa sababu stabilaiza hufanya kazi pale tairi moja inapopanda na nyingine kubaki. Ukitaka uhakika, fungua linki zote mbili za mbele, zifunge kwa waya zisigongegonge, zunguka mtaani taratibu. Mlio ukiisha, umempata.

Kipimo kingine: inapogonga, kanyaga breki kidogo sana. Ikinyamaza, ni pedi zinacheza kwenye kalipa za Brembo, wala si miguu. Kama mlio unatoka ukikata usukani gari imesimama, fungua boneti, weka mkono juu ya maunti ya shokapu (kishikio chake cha juu kwenye bodi), mtu azungushe usukani. Kama ni maunti, utaisikia springi ikijinyonga kisha ikiruka. Kishindo kimoja kizito ukifunga breki au ukiondoka ni bushi ya nyuma ya loa amu (mkono wa chini wa mguu).

Bol jointi, kile kiungo cha mwisho wa loa amu kwenye habu, usiifanyie mzaha. Piga jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini utikise huku mwenzako anaangalia chini ya gari. Ikicheza, gari isitoke mpaka ibadilishwe, maana ikichomoka tairi linalala barabarani. Kwenye Impreza inauzwa peke yake, kwa hiyo asikuuzie mtu loa amu nzima.

Kuhusu koiloova, mimi kwa barabara unazopita za huko Goba nasema hapana. Ukiishusha sana Impreza, loa amu zinaelekea juu, na kitovu ambacho bodi huzungukia kwenye kona kinashuka kuliko bodi yenyewe ilivyoshuka. Matokeo yake gari inataka kulala zaidi kwenye kona, na springi ngumu zinaishia kupambana na hilo. Usukani nao unaanza kujivuta kila tairi likipanda shimo.

Hela hiyo weka kwenye bushi mpya za mpira kwanza, na bolti zake zikazwe gari ikiwa imekaa chini kwa uzito wake. Zikikazwa mguu ukiwa unaning'inia, mpira unabaki umejinyonga na kuchanika mapema. Kisha alaimenti. Ukishaizoea gari ikiwa kimya na bado unataka makali, ongeza stabilaiza ya nyuma iliyo nene hatua moja. Itapunguza ile tabia ya pua kukataa kuingia kona. Ukienda nene zaidi ya hapo, imarisha na vishikio vyake, vya kiwandani hupinda.

Ukilazimika kununua shokapu za mtumba pale Gerezani, kwenye maduka ya spea hapa Dar, chukua jozi iliyotoka gari moja, inua kava la vumbi uone mtungi wenyewe, na uutikise pembeni ndani ya bomba. Ukicheza, mwachie mwenyewe.

Jaribu lile la tuta na lile la breki kwanza, halafu lete majibu hapa tuendelee.