Maswali ya Wasomaji: Binti Anataka Kusomea Uuguzi

SWALI: Shikamooni wataalamu. Binti yangu kamaliza kidato cha nne, ana D za Baiolojia, Kemia na Fizikia, na C ya Kiswahili. Anataka uuguzi. Zahanati yetu ina muuguzi mmoja tu, lakini kijana wa jirani mwenye stashahada ya uuguzi yuko nyumbani mwaka wa pili sasa. Inakuwaje? Na chuo kizuri nitakijuaje? — Mama wa Chamwino

JIBU: Marahaba, mama. Uhitaji wa zahanati peke yake hauajiri mtu. Ikama, yaani orodha ya idadi ya watumishi wanaotakiwa, inaweza kuonyesha pengo miaka nenda miaka rudi, lakini halmashauri hailijazi mpaka kibali cha ajira kitoke na fungu la mishahara liwepo. Ndiyo maana wauguzi ni wachache kazini huku wengine wako nyumbani. Linatuuma, maana anayelipa ni mjamzito wa kijijini.

Sifa za binti zinatosha. Stashahada ya miaka 3 inataka angalau D nne za masomo yasiyo ya dini, zikiwemo hizo tatu za sayansi. Hakikisheni chuo kimesajiliwa na NACTVET (Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi) kabla ya kulipa hata shilingi. Akimaliza, cheti cha chuo hakimtoshi kuhudumia wagonjwa: lazima asajiliwe na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania.

Kuhusu uzuri wa chuo, majengo yasikuvutie sana. Tafuta wanafunzi wa mwaka wa tatu uwaulize: leba (wodi ya kujifungulia) mnapangwa wangapi kwa zamu? Zamu za usiku mnaingia? Anayesaini kitabu cha mazoezi ya vitendo anakuwepo mnapofanya kazi? Wakiwa kumi kwa mama mmoja anayejifungua, mmoja anashika, tisa wanachungulia.

Ukitaka kipimo kimoja, uliza patografu wanaijaza wakati gani. Ile ni karatasi ya kufuatilia uchungu: mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, kufunguka kwa njia kila baada ya saa 4. Ina mstari wa tahadhari unaopanda sentimita 1 ya kufunguka kwa saa. Alama zikivuka kulia kwa mstari huo, muuguzi wa zahanati anatakiwa kuandaa rufaa papo hapo, maana gari likifika na mama kufikishwa hospitali, saa zimekwenda. Kasoro tunayoiona ni mwanafunzi kuijaza mtoto akishazaliwa, ili apate saini. Karatasi inapendeza, lakini hajajifunza kuamua. Siku akipangiwa zahanati ya mbali, yuko peke yake saa nane za usiku, hana wa kumuuliza.

SWALI: Nina stashahada, niko zahanati Manyoni. Nataka shahada. Nianzie wapi? — Muuguzi, Singida

JIBU: Anzia kwa mwajiri wako. Omba uingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri kabla bajeti haijafungwa, na usiondoke bila ruhusa ya maandishi. Ukiondoka kimyakimya utahesabiwa mtoro, na mshahara unaweza kusimamishwa. UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na Chuo Kikuu cha St. John's, vyote viko Dodoma, vinafundisha shahada ya uuguzi. Waulize mapema wanaotoka kazini wanaingia kwa sifa gani.